Kosa la Ukurasa wa Saba

Kharkov, 9 Januari 1992

Dada Koku,

Shikamoo. Mama hajambo? Mguu wake umepata nafuu? Mie mzima, ila baridi ya huku inakata masikio, na mkate tunaupangia foleni.

Chombo changu kimekamilika, kwenye karatasi. Roketi ikishaufikisha mzigo obiti ya chini, yaani njia ya kuizunguka dunia, chombo hiki kinaupokea na kuupandisha obiti ya juu. Nimekipa injini mbili: moja ya kuchoma mafuta, ina nguvu lakini mlafi; nyingine ya umeme wa jua, inasukuma polepole miezi mingi kwa gesi kiduchu. Ya kwanza inakivusha haraka penye mionzi inayoharibu paneli za jua, ya pili inamalizia safari.

Nakutumia kurasa kumi na mbili za hesabu. Nikagulie kama ulivyokuwa ukinikagulia nyumbani. Natetea mradi Juni 8. Nikifeli ndo basi, Dada. Nchi iliyotuleta kusoma haipo tena, hakuna wa kunidhamini mwaka mwingine.

Mdogo wako,
Revelian

Temeke, 24 Februari 1992

Mdogo wangu Revelian,

Marahaba. Mama hajambo, siku hizi anajikongoja mpaka kwa mama Nassibu, na akifika stori ni moja: "Mwanangu anatengeneza magari ya angani." Picha yako kaitundika sebuleni. Yangu ya mahafali ya ualimu iko kabatini chini ya mashuka.

Nina wanafunzi themanini na sita na kitabu kimoja cha fizikia, changu. Jana nimewachorea roketi ubaoni, mmoja akauliza, "Mwalimu, we ushawahi kuiona?" Nikamwambia chora, acha maswali.

Hesabu zako nimezipitia zote. Ziko sawa.

Dada yako,
Koku

Kharkov, 6 Aprili 1992

Dada yangu,

Shikamoo, za siku? Mama anaendeleaje? Barua yako imenishusha pumzi. Nimempa profesa kurasa zile zipigwe chapa. Mbele nimeandika: "Hesabu zimekaguliwa na dada yangu, Mwalimu Kokushubila." Akauliza, "Huyu kasomea wapi?" Nikamjibu, mie nimesomea kwake.

Mdogo wako,
Revelian

SIMU YA MAANDISHI, Dar es Salaam, 11 Mei 1992

UKURASA WA SABA KOSA. UZITO WA MAFUTA UMETOLEWA MARA MBILI. USITETEE HIVYO. BARUA YAJA. DADA

Temeke, 12 Mei 1992

Revelian,

U mzima? Mama anakusalimu. Hajui ninachokuandikia.

Mafuta yaliyokwisha kuungua umeyatoa kwenye uzito juu ya ukurasa, ukayatoa tena chini. Chombo kimekuwa chepesi kuliko kilivyo. Zile kilo mia tisa za mzigo ulizoandika hakifiki nazo juu.

Kosa nililiona Februari. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, nikaifunika.

Mwaka 1984 jina lililotoka wizarani la kwenda kusoma huko lilikuwa langu. Unakumbuka Mama alivyoanguka, ikabidi mmoja abaki. Nikabaki. Nikakufundisha hesabu, ukaondoka nazo. Tangu hapo kila bahasha yako ikifika Mama anapiga vigelegele, na mie naona kama mtu anakula kwenye sahani yangu huku ananisimulia utamu wake. Nikasema moyoni, acha wamuumbue mara moja tu, naye aonje. Ndipo juzi nikapata barua yako, na jina langu umeliweka mbele.

Nilikuonea wivu, mdogo wangu. Sikuombi msamaha leo. Rekebisha kwanza.

Dada yako,
Koku

Kharkov, 3 Novemba 1992

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini mguu haukusumbui. Najua anayekusomea ni Dada. Asome taratibu, asiruke neno.

Nimekaa kimya mno, niwie radhi. Mama, nimefaulu. Wiki chache kabla ya mtihani lilipatikana kosa. Nikarudia hesabu zote, mzigo ukashuka toka kilo mia tisa hadi mia sita na kumi. Watahini walinibana palepale, nikawajibu.

Aliyeliona kosa ni Dada. Bila yeye ningerudi mikono mitupu. Ukienda kwa mama Nassibu umwambie hivyo, umtaje kwa jina.

Nimepata kazi ya kuchora michoro kwenye karakana moja hapa, kwa hiyo mwaka huu siji.

Dada nimemwandikia barua nne tangu Juni, zote nimezichana. Ya tano sijaianza. Mpaka nitakapoiweza, atakuwa anasoma hizi zako.

Mwanao,
Revelian