Masafa ya Dada Odilia

Dada Odilia,

Huku Ruteng kahawa imechanua, nami naruka kama mtoto: shemeji kapiga simu, upasuaji wa koo lako umekwenda salama!

Hukujua kwamba Jumamosi nilikuwa mbele katika mashindano ya redio ya kuita vituo vingi iwezekanavyo, napayuka kama mnadi samaki, ulipoingia hewani: "We Kanisius, masafa haya tunapigia soga kila wiki. Peleka kelele zako kwingine!"

Desturi ya mashindano ni kumwambia kila mtu anasikika vizuri, hata sauti ikiwa nyembamba kama uzi. Nikajibu, "Unasikika vizuri kabisa!"

"Mwongo! Hata mwenyewe sauti yangu siisikii. Jumatatu napasuliwa, nataka tuongee."

Nikaacha mashindano, tukacheka hadi betri ikaisha. Nimeshika mkia mashindanoni, na sijutii. Sauti ikirudi, hata ya chura, niite. Washindani wote nitawanyamazisha.

Mdogo wako mropokaji,
Kanisius