Jaribio Nililolizima

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na za wifi yako anayenichungulia kila nikimaliza mstari. Goti lako limepata nafuu? Shemeji na watoto hawajambo? Na mama, bado anafungulia redio mpaka mtaa mzima unapata habari? Sisi huku miili ni mizima. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningefuta kila sentensi, nawe unanijua, mdogo wako ni mwoga kama kunguru.

Tangu usimamishwe kazi, nampigia mama badala yako. Juzi mama alinieleza kwamba asubuhi unavaa sare, halafu unakumbuka na kuivua. Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Ile programu mnayotumia ninyi wauguzi wa ziara za majumbani, niliyomtambia kila mtu kwamba dada yangu anaitumia, huweka ziara zenu ndani ya simu, kwenye kanzidata, tuseme kabati la kumbukumbu, mpaka simu ipate mtandao wa kuzituma. Kabati hilo ni kazi yangu. Kila nikibadilisha kitu, kompyuta huendesha majaribio yenyewe: inaunda kabati tupu, inaweka mgonjwa wa kubuni, inamsoma, inamfuta, kisha inalitupa kabati. Majaribio mia mbili na kumi, yote kijani, yaani yamefaulu. Nilikuwa natembea kifua mbele.

Kumbe yote yalianza na kabati tupu, na hakuna muuguzi mwenye kabati tupu. Mwezi uliopita tuliongeza nafasi ya kuandika shinikizo la damu, na umbo la kabati likabadilika. Zamani, nilipokuwa bado najenga, niliandika amri kwamba programu ikikuta kabati la umbo la kale ilifute na kuanza upya. Ilinirahisishia kazi, na sikuiondoa. Wenzako walikuwa wamekwisha kutuma zao. Wewe ulitoka kwenye nyumba zisizoshika mtandao, ukafika ofisini, simu ikavuta toleo jipya kabla ya kutuma chochote. Ziara thelathini na nane zikafutika.

Ulinipigia saa ile ile kuuliza kama simu inaweza kupoteza ziara. Nikakujibu kwamba programu haina tatizo, labda ulibonyeza vibaya. Uliniamini, dada. Ukaandika hivyo kwenye maelezo yako na kutia sahihi, na wakubwa wako wakasema hukwenda kwenye nyumba zile, unatafuta pa kujifichia.

Hapa kalamu inagoma. Si kwamba sikujua. Mwenzangu wa meza ya jirani, binti mpole aliyeajiriwa majuzi, aliandika jaribio moja la kufungua kabati la kale lenye ziara ndani. Likatoka jekundu. Aliniomba nilitazame kabla toleo halijatoka. Nilikuwa nimemwahidi bosi siku hiyo hiyo, na niliona haya kukosolewa na mgeni. Nikamwambia jaribio lake ndilo bovu, nikalizima. Uliponipigia nilikumbuka papo hapo. Nilikudanganya huku najua.

Jana nililiwasha tena mbele ya bosi, likatoka jekundu vile vile. Nimeandika kila kitu, nikatia sahihi, nikampelekea mganga mkuu wako mkononi. Nakala imo humu ndani. Bosi amenitaka nikae nyumbani mpaka aniite, na sina la kulalamika. Jumanne, kwenye kikao chako cha nidhamu, nitakuwepo. Wakikuuliza, usiseme tena kwamba ulibonyeza vibaya. Hukubonyeza chochote.

Ziara zenyewe nimezitafuta kila njia, hazirudi. Wewe ndiye utakayegonga tena milango thelathini na nane kwa goti hilo, na hilo linaniuma kuliko yote. Msamaha siuombi leo. Kwanza urudi kazini.

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto. Mama usimsomee barua hii. Nitakuja kumweleza kwa mdomo wangu, anitukane vizuri.

Ni mimi mdogo wako, niliyekusingizia.