Madaftari ya Maziwa

Mjini Sofia, 2 Machi 2004

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi kama u mzima. Utasema ndiyo, na majibu yako ya hospitali yako mezani kwangu. Nakuandikia kwa sababu simu unaikata.

Ini lako limejaa mafuta. Daktari wa kiwanda ameandika “mlevi” na anataka utie sahihi. Mlevi, wewe! Tangu nilipobatizwa hujaonja pombe, hata rakia ya arusini.

Kipande cha ini walichokukata Januari nimekitazama mwenyewe kwa darubini. Ndani ya kila seli mna mitokondria, vitu vidogo mno vinavyochoma mafuta ili seli ipate nguvu. Vyako vimevimba, mikunjo yake ya ndani imefutika. Havichomi tena, na mafuta yanarundikana. Panya wetu wa maabara, tuliowavutisha gesi ya plastiki, wako vivyo hivyo. Gesi hiyo ndiyo unayoivuta ukishuka ndani ya yale mapipa makubwa ya kiwanda kukwangua ukoko wa plastiki.

Usitie sahihi. Usishuke tena. Wala usinitajie maziwa wanayowanywesha kila asubuhi kama vichanga, ili mshuke bila kuuliza. Maziwa hayaoshi ini.

Bintiyo,
Ralitsa

Dolna Breza, 19 Machi

Mwanangu Ralitsa,

Marahaba. Mimi mzima, kuku wazima, mguu tu unasumbua. Wewe unakula, au unasoma tu?

Kwa hiyo mimi ni panya. Ndiyo faida ya kusomesha.

Maziwa nimekunywa miaka ishirini na miwili. Rafiki yangu Gencho yake alimpa paka, yeye akanywa rakia, na sasa yuko makaburini. Mjinga nani? Daktari wetu wa kiwanda, Kantardzhiev, anakusalimu. Aliuliza mbele ya watu, “Binti yako bado anawapima panya joto?” Wakacheka wote. Nami nikacheka, ningefanyaje? Anasema nikitia sahihi nabaki kazini. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Wewe utanitafutia kazi nyingine, msomi?

Baba yako

Sofia, 27 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakula.

Ulicheka. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ripoti yoyote ya maabara.

Jana nilikwenda kwenye tume ya magonjwa ya kazini. Wana barua ya kiwanda: Stamen Hadzhiev, yaani wewe, ni mtunza ghala, hajawahi kuingia ndani ya pipa. Gencho naye, kwa karatasi zao, alikuwa mtunza bustani. Bustani, pale ambapo hata magugu hayaoti! Niliwaonyesha picha za seli zako. Bwana mmoja aliyekuwa akimenya yai akasema, “Ndiyo, ini la mtunza ghala mlevi.”

Hao ndio unaocheka nao. Basi tia sahihi. Labda watakuongezea glasi ya maziwa.

Ralitsa

Sofia, 10 Mei

Baba,

Shikamoo. Wiki sita. Hata tusi?

Bintiyo

Dolna Breza, 4 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mguu umepona. Macho yameanza unjano, usishtuke.

Barua yako niliifungia kwenye kasha la mkate. Kila nikikata mkate, naiona. Mtunza ghala! Hilo lilinikaa kooni kuliko panya wako.

Fungua kifurushi hiki taratibu. Ni madaftari yangu ya maziwa, moja kwa kila mwaka. Ulikuwa ukiyacheka tangu ukiwa shule. Sasa soma jalada: “Kwa wanaoingia mapipani tu.” Kila siku niliyoshuka pana muhuri, namba ya pipa, na sahihi ya msimamizi. Mtunza ghala hapewi maziwa pale, hata tone. Mpelekee yule bwana wa yai.

Ya chini ni ya Gencho, mjane wake kanipa. Yananuka rakia. Usiyakunjie pua.

Leo asubuhi Kantardzhiev alinisogezea karatasi yake. Chini, penye nafasi ya sahihi, nikaandika: “Sinywi. Mapipa nimeyashuka miaka ishirini na miwili.” Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia, binti anayepima panya joto.

Msimamizi, kijana wa juzi tu, akaniwekea chupa ya maziwa kama kawaida. “Mzee Stamen, kunywa upesi, pipa la tatu linakusubiri.”

“Kunywa wewe, mwanangu,” nikamwambia, “kisha shuka wewe.”

Nikavaa koti la kurudia nyumbani. Nilifunga vifungo vyote, polepole, nikimtazama.

Kijana hakuigusa chupa.

Baba yako