Fundi Yuko Kwenye Buti

Shoga, usicheke. Lile gari nililouziwa na shemeji, si linagonga nyuma kila nikikata kona? Leo fundi kaingia kwenye buti asikilize. Kaniambia, "Zunguka mtaa, dada, halafu unifungulie."

Njiani nikamkuta mama mkwe. Ningempitaje? Nikampakia, nikampeleka kwake.

Fundi nikamsahau. Shoga, nimemsahau mtu mzima kwenye buti.

Mama mkwe akasema, "Gari lako linagonga." Nikamjibu ndivyo lilivyo, mama, ni la zamani.

Tukafika, nikazima. Akauliza, "Mbona bado linagonga?"

Nikafungua. Fundi katoka kalowa jasho, kamwamkia mama mkwe shikamoo, kanigeukia: "Ni jeki tu, dada, imelegea."

Shikamoo haikuitikiwa. Mama mkwe kajifungia chumbani, anaongea na mwanawe kwa simu.