Vipande Vinne vya Bomba

Kaka yangu,

Nakusalimu nikiwa na simenti hadi kwenye nyusi. Usicheke. Yule dada yako uliyesema hajui kushika mwiko amejenga ukuta wa kuzuia udongo kule kwenye mteremko wa bustani, na nyuma yake amemwaga zege la sakafu ya banda la zana. Nimeweka pimamaji, kiputo kimetulia katikati, tuli!

Mama hajambo. Kuku wameongezeka.

Baba alikufukuza kwa sababu ulimwambia kwamba ukuta wake wa pale pale utaanguka, kwa kuwa hauna matundu ya kutolea maji. Mvua ya mwaka jana iliulaza wote. Asiyesikia la mdogo naye huvunjika guu, lakini nani angethubutu kumwambia?

Basi siku nilipofika kozi ya pili, yaani safu ya pili ya matofali, Baba alinijia na vipande vinne vya bomba, amevikata mwenyewe. Akavilaza katikati ya matofali, kimoja kimoja.

"Maji lazima yapite," akasema, kana kwamba wazo ni lake.

Akafuta mikono kwenye suruali.

"Mlango wa banda usiuweke. Mwandikie kaka yako, aje auweke yeye."

Ni mimi mdogo wako, fundi.