Nani Atamwambia Casimir Kwamba Vita Vimekwisha

Kikula, Likasi
18 Februari 2024

Mpendwa ndugu yangu Hénoc,

Nakusalimu kwanza, wewe na mke wako Jenny na watoto. Mumelala vizuri? Mumeamka na nguvu? Mafua ya Carmel yamepona? Mara ya mwisho uliniambia joto la Dar es Salaam linamtoa vipele shingoni. Muogeshe na maji ya majani ya mpera, na hizo pomada za dukani waachie wenye duka. Sisi huku tuko wazima, Mungu asifiwe, ila miguu ya Mama inavimba mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haina adabu.

Usicheke kuona barua. Najua simu iko. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa simu ndani ya parcelle yetu, kwenye ua huu mmoja, kwa sababu Mama anasikiliza, na si Mama peke yake. Ndiyo maana nimempa Pitshou, yule dereva anayeshusha shaba bandarini, akutie mkononi. Nami nimeandika Kiswahili nilichofundishwa shuleni Mulungwishi, usije ukawaambia tena watu wa huko kwamba sisi wa Katanga tunakivunja mbavu.

Nianze na lililo zuri. Suzanne, mke wa ndugu yetu Casimir, amepata mtu. Ni Cyrille, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyefiwa na mke, mtu mpole ambaye akicheka anauficha mdomo kama msichana. Kila akitoka ziwani Mwadingusha anatuletea samaki, na wale wakubwa anampa Mama. Suzanne alikuwa binti mdogo Casimir alipokwenda na askari upande wa Pweto, mwaka ule wa 2000, na tangu hapo hajavaa kitambaa chekundu cha kujipamba hata siku moja. Nilimshonea mimi mwenyewe gauni la ndoa. Watafunga ndoa baada ya Pasaka.

Basi Padiri akauliza jambo moja tu: Casimir tumhesabu kuwa amekufa tangu lini? Maana maiti hatukuiona, na kilio hatukukaa. Akasema tuhesabu tangu vita vilipokwisha, kwa sababu mtu aliye hai angekuwa amerudi. Hapo ndipo moto ulipowaka, ndugu yangu. Kumbe hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua vita vilikwisha lini.

Padiri alisema vilikwisha mwisho wa mwaka 2002, waliposaini wote kule Afrika Kusini. Cyrille akasema hapana, ni mwaka uliofuata, serikali ya mseto ilipoingia Kinshasa, yeye anakumbuka watu walivyopiga sufuria barabarani. Jirani yetu Papy, unamjua anavyopenda kujua, akatoa ya mkataba wa Lusaka, mwaka 1999. Nikamwambia Papy, baba, Casimir aliondoka baada ya hapo. Kwa hesabu yako alikwenda kufa kwenye vita vilivyokwisha.

Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua uso. Aliuliza tu: "Pamoja na hizo tarehe zenu zote, ni nani alienda kumwambia mutoto wangu?"

Hénoc, wewe ulikuwa Lubumbashi kwa masomo, hukuiona siku Casimir alipoaga. Baba alimfanyia kama babu yetu alivyofanyiwa. Alimsimamisha kwenye kamlango ka nyuma, akamwaga unga mweupe chini, akampaka kwenye paji la uso, akamwambia: "Enda. Usirudie mpaka minye nikuite." Kwa wazee wetu mtu wa vita harudi kwa miguu yake tu. Aliyemtuma ndiye anamwita, anasimama palepale anasema kwa sauti kwamba vita vimekwisha, ndipo anavuka. Akiingia bila kuitwa anaingia na damu ya watu nyumbani mwake. Ile siku mimi niliona ni mambo ya wazee. Sasa sioni hivyo.

Baba alifariki vita vikiendelea. Hakumwita. Halafu redio ikasema amani, Likasi nzima ikasikia, na kila mmoja wetu akadhani habari iliyokwisha kutangazwa nchi nzima haihitaji tena mtu wa kuipeleka nyuma ya nyumba. Tulikwenda misa ya shukrani, tukala ugali wetu wa bukari na kuku, tukalala. Mlangoni hakwenda mtu.

Sasa nikueleze kinachotusumbua. Jumapili ile matangazo ya ndoa yaliposomwa kanisani, tulirudi nyumbani, na jua lilipofika utosini tukasikia mluzi nyuma ya ua. Unaujua ule mluzi. Ni ule Casimir aliowaitia njiwa wake, wa sauti mbili, ya pili inashuka. Njiwa wetu tuliwala zamani zile za njaa. Lakini njiwa wa Papy waliruka wote kwa pamoja wakaja kutua juu ya bati letu, wakakaa kimya wakitazama nyuma.

Tangu siku hiyo unakuja kila jua likiwa juu, si usiku, ni mchana mweupe watoto wakicheza barabarani. Mbwa wetu, ambaye mama yake mzazi hakuwahi kumwona Casimir, anaamka anakwenda kamlangoni na kutikisa mkia. Mvua ikiwa imenyesha tunakuta alama za buti kwenye tope. Zinatoka upande wa reli, zinafika kamlangoni, zinasimama zikielekea ndani. Za kurudi hakuna. Cyrille alizikagua akiwa amechuchumaa, akasema ni nyayo za mtu mwembamba. Hajaja kwetu tangu hapo, samaki sasa wanaletwa na mtoto wa dada yake.

Mimi naogopa, sikufichi. Nikikanyaga cherehani naikanyaga kwa nguvu nisisikie. Suzanne ndiye anayenitia hofu zaidi, maana haogopi. Anapakua sahani moja ya ziada. Nilimwambia aache, akanijibu: "Yaya, dada yangu, minye sikuolewa na vita, niliolewa na muntu. Kama yeye anangojea kuitwa na hakuna wa kumuita, nitatoka nimufwate kule inje, nimuambie minye mwenyewe." Nami najua, na Mama anajua, anayetoka kumfuata mtu asiyeitwa hatarudi kwetu. Kamlango nimekafunga kwa waya, lakini waya ni waya tu.

Basi jana Jumamosi tulijaribu. Nilichukua unga, Mama nikamshika mkono, Suzanne akafuata nyuma. Niliumwaga palepale kamlangoni. Mluzi ulipokuja nilisema kwa sauti: "Casimir, vita vimekwisha. Ingia nyumbani."

Mluzi ukakatika. Mbwa akalala chini. Nyuma ya michongoma sauti ikauliza, bila hasira, kama askari anavyomuuliza mtu anayepita:

"Nani alisema?"

Hénoc, ni sauti yake. Ni ya kijana. Sisi tumezeeka, yeye hajazeeka. Nikasema ni mimi, Angèle, dada yako. Mama akaanza kumtajia, maskini, Lusaka, Pretoria, Kinshasa, alivyozisikia kwa Padiri na kwa Papy, akizichanganya na kurudia, kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu mkali. Ile sauti ilimwacha amalize. Halafu ikasema:

"Na Baba, alisema namna gani?"

Hapo ndipo tuliposhindwa. Ndugu yetu amesimama nje miaka yote hii na hajui kwamba Baba ameshazikwa. Mama alijifunika kitenge usoni. Suzanne aliushika waya wa kamlango, nikamvuta kwa gauni hadi likachanika begani, lile lile nililomshonea, alilijaribu asubuhi na hakulivua.

Tulipofunga kilio cha Baba wazee walikuvika mkanda wake na kukupa jina lake. Ulicheka, ukasema wewe ni mtu wa kanisa na ofisi, tukakuacha ucheke. Lakini mpaka leo Mama anakuita Baba, nami nikikusikia kwenye simu ukisema "alo" kwa uchovu wa jioni, najikuta nimesimama wima kama nilivyosimama alipokuwa anaingia kutoka kazini. Sauti yake unayo wewe peke yako. Karatasi zote zile zimesainiwa na wakubwa, zinatosha kwa Padiri na kwa serikali. Kwa Casimir hazitoshi, maana si wao waliomtuma.

Omba ruhusa, panda basi, uje kabla ya Pasaka. Mkanda uko ndani ya sanduku la Mama.

Arielle binti yangu anakusalimu, anataka umletee viatu vya kisigino. Papy anakusalimu na tarehe zake. Suzanne anakusalimu, ila hakutaka kuniambia maneno mengine. Mama anakubariki wewe na uzao wako: mtembee mchana, mfike mchana.

Na ukifika, usiingie kwanza kwa mbele kutusalimia. Zunguka nyuma, simama penye unga, useme kwa sauti ya Baba kwamba vita vimekwisha. Na Casimir akikuuliza kama ni Baba, nakusihi, usimwambie hapana mpaka awe amevuka. Aingie kwanza. Akishakaa ndani tutamweleza kwa polepole, ndipo tutakaa kilio chao wote wawili siku moja, cha Baba tukikirudia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Angèle