Miiba kwenye Asali ya Mzee Malimi

Jumamosi, 3 Juni 1995
Leo nimeonekana! Wafuga nyuki wa Mwamapalala wameleta asali dukani kwa Bwana Muksini, bosi wangu. Tangu biashara iachiwe huru kila mtu mnunuzi, kila mmoja na sharti lake. La bosi: asali ya porini tu, ya alizeti hataki — alizeti imepakana na pamba, na pamba hupigwa dawa. Nikadakia, mimi naweza kupima. Ile hadubini aliyoinunua kwenye mnada wa vitu vya ushirika si ndiyo nachezea stoo kila siku? Na kitabu cha Kiingereza, nusu kimeliwa na mchwa.

Tone la asali, maji ya moto, kioo. Chavua hizo hapo, unga wa maua, punje kwa punje. Za mzee Malimi — miiba mwili mzima! Kama picha ya alizeti kitabuni. Nikatangaza mbele ya wote. Mzee akasema yeye hawafuati nyuki waendako, ila kwao mlimani hakuna alizeti. Nikamwambia, "Baba, kati ya wewe na kioo, nani muongo?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumanne, 6 Juni
Dokta Esteria! Hata Zamda wa chapati ananiita hivyo. Bosi kaandika mlangoni kwa chaki: ASALI IMEPIMWA KWA HADUBINI. Wateja wanakuja kuchungulia tu. Raha.

Alhamisi, 8 Juni
Mzee Mayige, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, kapita. Wamemtenga Malimi. Si kwa sababu ya asali, anasema, ni kudanganya kikundi. Hakuna kumsalimia. Hakuna kuwapa moto wala maji, yeye na mkewe. Dukani hawauziwi hata kibiriti. Mpaka akiri na achinje ng'ombe, kikundi kipate kula. Na atakayewapa chochote, naye anatengwa.

Mzee hakiri. Mayige kanishukuru! Kaninunulia na soda, nikaiacha nusu.

Jumamosi, 10 Juni
Nilikuwa natoa mashona nguo, zile mbegu za gugu zinazonata, kwenye sketi. Nikajiuliza, gugu hili nalo chavua yake ikoje? Ua lake liko hapo hapo uani.

Miiba. Mwili mzima.

Nikachuma ua la alizeti la mwisho kwa Zamda — miiba. Nikachuma mtukutu, ule mti mchungu wa dawa ya tumbo — miiba! Ni ukoo mmoja wote hawa, kile tunachoita ua moja ni vijiua vingi vimebanana. Kitabu kilibakiza picha ya alizeti tu, nami nikaona mwenye miiba ni alizeti peke yake. Mjinga mimi!

Nikaangalia tena, taratibu, nikishusha na kupandisha lenzi. Hazifanani. Alizeti na mashona nguo, ukuta wa nje umeachana na wa ndani, katikati kuna uwazi. Mtukutu hauna uwazi huo, na miiba yake imepanda juu ya matuta yaliyozungukana, vyumba vyumba, kama maboma ya ng'ombe yaliyozungushiwa miiba.

Kopo la mzee lipo bado chini ya kaunta. Nikapima mara nyingi, natamani nione uwazi. Sikuuona. Maboma tu. Mtukutu wa mlimani.

Nilisema "nani muongo". Kwa mtu wa rika la baba yangu.

Jumapili, 11 Juni
Nimemwambia bosi. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Kasema leo nikigeuza neno, kesho wanunuzi wa Mwanza hawaamini kopo hata moja. "Esta, kapime zinazokuja. Hiyo imepita."

Nikafuta kaunta. Mteja akaniita dokta, nikaitika.

Jumatatu, 12 Juni
Nimetoroka kazini. Niko Mwamapalala, uani kwa mzee Malimi, hadubini mapajani, naandika. Nimepita kwanza kwa Mayige. Nikamwambia nimekosea, aje aangalie mwenyewe. Kasema kikundi kimeshakaa, hakikai tena kwa maneno ya mtoto wa dukani. Juzi nilikuwa daktari!

Kaja nyuma yangu lakini. Yuko nje ya uzio na wenzake, wananitazama.

"Mwadila, baba," nimemwamkia mzee. Hakuitika. Kasema chini chini, macho kwenye mlima, "Rudi, mwanangu. Wanakuona." Mwanangu! Anahofia nitatengwa, mimi niliyemwaibisha.

Mama Nyanjige, mkewe, kaniletea kigoda. Jikoni mafiga meupe, majivu yamepoa. Kando kuna bakuli la mihogo, imelowekwa maji, haijapikwa. Ameona kibiriti changu kwenye mfuko wa hadubini, kile cha kuwashia kibatari nipashe kioo. Hajaomba. Anakiangalia tu.

Mayige kaweka mkono juu ya uzio.

Nimekitoa. Kiko mkononi mwangu, namnyooshea mama, njiti zinalia ndani —